Rundo la Chenga

Sijawahi kuona Mpanda nyumba iliyotundika kibanda cha kulishia ndege. Ndege wa mjini kwetu hula kinachodondoka kwenye ungo. Mama yangu alikuwa akipeta mchele uani, kule Nsemulwa, karibu kila asubuhi, na kuku hatukuwa nao wakati ule kwa sababu mdondo ulikuwa umepita ukawamaliza wote. Kwa hiyo chenga, chuya na pumba alizomwaga chini ya mwembe zilikuwa za wageni: tetere, pugi, shomoro, chiriku, shore, na kwezi waliotua kwa makundi na makelele yao. Msimu wa karanga ziliongezeka zile punje zilizosinyaa, na hapo ndipo kindi alipoanza kushuka.

Niliyoyaona kwa kindi yule ndiyo yaliyonisaidia, miaka mingi baadaye, kuelewa viboko wa dimbwi la Ikuu, katika Hifadhi ya Katavi, na watu wanaogombania maji ya Mto Katuma. Ndiyo maana nataka kumweleza kwa kirefu.

Kindi wa miombo ni mnyama mdogo, hafikishi hata robo kilo kwa kawaida. Manyoya yake yana rangi ya vumbi yenye umanjano kidogo, tumbo limepauka, na mkia unakaribia urefu wa mwili wenyewe. Wanasayansi humwita Paraxerus cepapi, jina alilopewa na Andrew Smith mwaka 1836, na makazi yake ni mapana: kutoka Afrika Kusini, kupitia Zimbabwe na Zambia, hadi huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Hula mbegu, maua, majani machanga na wadudu, na akibahatika hula mayai ya ndege. Chakula kikizidi hukifukia kidogo kidogo, huku punje, kule punje. Hulala kwenye tundu la mti pamoja na wenzake wachache, wakisafishana manyoya na kupakana harufu, na mgeni asiye na harufu yao hufukuzwa papo hapo. Ugomvi basi anaujua tangu porini. Tofauti ni kwamba porini hugombana zaidi na kindi wenzake, lakini uani kwetu aligombana na kila chenye mabawa.

Nilikuwa nikikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, karibu kiasi cha kuona masharubu yake. Alikuwa akishuka kichwa chini, kucha zimenasa kwenye gome, anasimama, anapiga mkia mara mbili tatu, anatoa sauti kavu, tik, tik, tik, kisha anashuka tena. Akifika usawa wa magoti ya mtu hutulia kabisa. Tetere huwa wameshamwona. Mmoja anaacha kudonoa, mwingine anajisogeza ubavu. Halafu kindi anatoka mbio moja kwa moja mpaka katikati ya rundo. Pugi ndio huruka wa kwanza, ni waoga. Tetere wenye ujasiri huinua bawa moja juu kama mtu anayejikinga kofi, na nimewahi kumwona mmoja akimchapa kindi nalo usoni. Haikusaidia. Kindi alimrukia mgongoni, manyoya mawili ya kijivu yakabaki yameshikana na pumba.

Kilichonishangaza zaidi kilifuata baada ya hapo. Akishalitwaa rundo, kindi hukaa juu yake, anaokota karanga kwa mikono miwili, anaizungusha, anaimenya lile ganda jekundu kwa meno ya mbele upesi sana. Kabla hajaimaliza anaiacha, anamkimbilia tetere aliyetua mbali, karibu na karo, ambaye hakuwa na habari naye. Anarudi, anaokota karanga nyingine, anaiacha, anakimbia tena. Asubuhi nzima alikuwa hivyo. Alikula kidogo sana kuliko alivyoweza kula, na wengine hawakula kabisa. Kwezi tu ndio waliompa shida, maana wao hutua wengi kwa mpigo, na akimfukuza mmoja, watano wako nyuma yake wanadonoa.

Watu wa nyumbani walikuwa na maoni yao. Jirani yetu alisema mnyama yule ana roho mbaya. Mjomba alikuja siku moja, akamtazama kwa muda, akasema, "Dada, huyu mtegee. Atayamaliza mayai ya ndege wote hapa." Mama akamjibu kwamba mtego utamnasa mtoto kabla ya kumnasa kindi. Mimi nilikuwa upande wa tetere kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba wanyama nao wapo wema na wabaya.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya panya. Mama alianza kuwaona usiku chini ya mwembe, naye alikuwa mtu wa kufikiri mbele: rundo linaita panya, panya wanaita nyoka. Akaacha kumwaga mahali pamoja. Alikuwa akisimama katikati ya uwanja, anashika ungo kwa mikono miwili, anazunguka nusu duara huku akiurusha, na chenga zinaruka kote: huku kwenye ua wa minyaa, kule kwenye karo, nyingine mpaka barazani. Asubuhi iliyofuata anageukia upande wa pili. Hakuwa anawafikiria ndege hata kidogo, alikuwa anapambana na panya.

Kindi alishuka kama kawaida. Alimkimbilia tetere wa kwanza, tetere akaruka, akatua hatua sita mbele, akaendelea kudonoa. Akamfuata. Wakati huo nyuma yake pugi walikuwa wameshatua. Akawarudia pugi, shomoro wakatua alipotoka. Kwa siku chache alihangaika namna hiyo, na nilidhani atazidi kuwa mkali. Badala yake alipoa. Alianza kula. Ilifika wakati nikamwona kindi na tetere wamepeana migongo, umbali wa mkono mmoja, kila mmoja akishughulika na chenga zake, na hakuna bawa lililoinuka. Kindi alikuwa yule yule, namjua kwa ncha ya sikio iliyokatika. Tetere walikuwa wale wale wa kwenye mwembe, na chakula kilitoka kwenye ungo ule ule. Kilichobadilika ni namna kilivyolala chini.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikutana na maelezo ya jambo hili katika kitabu cha elimu ya wanyama, nikafurahi kama niliyepokea barua kutoka nyumbani. Mwaka 1964 mtaalamu wa ndege wa Marekani, Jerram Brown, aliandika kwamba mnyama hulinda eneo pale tu ambapo faida ya kulinda inazidi gharama yake. Chakula kilichorundikwa mahali padogo kinalindika: unasimama juu yake, unafukuza wachache, unabaki nacho. Chakula kilichotapakaa hakilindiki, kwa sababu muda unaomfukuza huyu ndio muda ambao yule anakula. Chakula kikiwa kingi sana, cha kila mtu kushiba, kulinda nako hakuna maana. Ukali basi hupanda na kushuka kulingana na hesabu hiyo, na mnyama huifanya bila kujua kuhesabu.

Ukishalijua hili, malalamiko ya nchi za mbali yanaeleweka. Ulaya na Marekani watu hutundika kopo la mbegu za alizeti nje ya dirisha, kisha wanaumia roho kuona kindi amelikumbatia na ndege wamekaa pembeni. Kopo lenye tundu dogo la kutolea mbegu ni rundo lililobanwa kuliko lolote ambalo mama yangu angeweza kumwaga. Uingereza wana kisa kingine kirefu zaidi. Mwaka 1876 mtu mmoja wa Cheshire aliachilia kindi wa kijivu kutoka Marekani kwenye shamba lake, wakazaana, na leo kindi wekundu wa asili wametoweka sehemu kubwa ya nchi. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba wa kijivu waliwapiga wekundu wakawaua. Lakini walioshindwa hawakuuawa kwa meno. Kindi wa kijivu wanabeba virusi vya ndui ambavyo wao wenyewe haviwasumbui lakini wekundu vinawaua, tena wanakula vizuri zaidi kwenye misitu ya miti ya majani mapana. Vurugu tunayoiona kwa macho si lazima ndiyo inayoamua nani atabaki.

Hapa Tanzania mfano ulio karibu ni kunguru weusi wa Dar es Salaam. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakavuka bahari, na sasa wanavunja viota na kula vifaranga vya ndege wadogo pwani nzima. Wamewekewa sumu na mitego mara kadhaa. Wanapungua, kisha wanarudi, maana majalala yapo pale pale. Siwatetei kunguru hao hata kidogo. Wao ni wageni, wamefanya uharibifu wa kweli, na wanastahili kudhibitiwa. Ninachosema ni kwamba anayeua kunguru na kuliacha jalala wazi hajafika kwenye mzizi.

Na kindi wetu alikuwa na upande mwingine ambao nisipousema nitakuwa nimemdhulumu. Adhuhuri moja yenye joto kali, mwembe wote ulilipuka kwa kelele. Kindi alikuwa kwenye tawi la chini, mkia umevimba, unapigapiga juu ya mgongo, na ile tik tik tik imekuwa mfululizo usiokatika. Mbele yake kidogo tu kulikuwa na nyoka wa kijani amejinyoosha kwenye tawi akielekea kwenye kiota cha tetere. Kindi hakukimbia. Alimsogelea, akarudi, akamsogelea tena. Shore wakaja, kwezi wakaja, wakaungana naye kupiga kelele, mpaka nyoka akajirudisha na kutokomea kwenye minyaa. Mama alituingiza ndani akafunga mlango. Tabia hii ya kumzonga adui kwa kelele inajulikana sana kwa kindi wa jamii hii, wanawafanyia nyoka, bundi na nguchiro. Sikuweza tena kumwita mwenye roho mbaya. Mayai aliyoyapigia kelele siku ile, yeye mwenyewe angeyala kama angeyafikia kwanza. Yote mawili ni kweli.

Masika yakianza alikuwa haonekani. Kuanzia Novemba pori linarudi, wadudu wanajaa, mbegu zinaota kila mahali, na mwembe wetu wa mjini unakosa thamani. Alirudi nyasi zikishaungua moto wa kiangazi. Ukali wake nao ulikuwa na kalenda.

Nilipokuwa mwalimu nilianza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi na wanafunzi. Kutoka Mpanda hadi lango la Sitalike si mbali, kama kilomita 35, na Sitalike penyewe unaweza kuwasikia viboko mtoni ukiwa kijijini. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, na bado ni wachache kati ya Watanzania walioifika. Moyo wake ni Mto Katuma, unaoteremka kutoka milima ya magharibi ya Mpanda, unapita mashamba ya mpunga, unaingia Ziwa Katavi, unamwagika kwenye mbuga ya Katisunga, unafika Ziwa Chada, kisha maji yanaelekea Ziwa Rukwa kwa njia ya Mto Kavuu. Wakati wa mvua ni bahari ya nyasi na maji. Kufikia Septemba na Oktoba mto unakatika vipande, na viboko kwa mamia wanajikuta wameshindiliwa kwenye madimbwi machache, mojawapo likiwa pale Ikuu.

Tulisimama pale watoto wakiwa kimya. Dimbwi lilikuwa na migongo tu, mgongo juu ya mgongo, tope zito la rangi ya kahawia badala ya maji, na harufu inayoingia mpaka kwenye nguo. Dume la kiboko huzidi tani moja, na meno yake ya chini yanaweza kufika nusu mita. Katikati ya msongamano madume mawili yalifungua midomo, yakakabiliana, yakagonga. Kila aliyekuwa karibu alisukumwa, na ndama mmoja akapanda juu ya migongo ya wakubwa ili asizame. Mgongo wa dume lililoshindwa ulikuwa na michirizi mipya juu ya makovu ya zamani. Mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza, "Mwalimu, kwa nini wanachukiana hivi?"

Nilimwomba askari wa hifadhi aliyekuwa nasi amjibu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. "Binti yangu, ungekuja Machi usingewatambua," akasema. "Mvua ikinyesha wanatapakaa Katisunga yote mpaka Chada. Kila dume linapata kipande chake cha maji, linakaa na majike yake. Likimwona mwenzake mbali linapiga miayo tu, wamemaliza."

"Ni hawa hawa?"

"Ni hawa hawa."

Nilimkumbuka mama na ungo wake. Dume la kiboko hulinda maji, halilindi majani. Malishoni usiku hawa wanyama hutembea mbali mbali na kugombana kwao ni nadra. Maji ndiyo yanayolindika, na kadiri yanavyobanwa ndivyo thamani ya kila mita inavyopanda. Hapo hapo Katuma, mamba nao wamebanwa na kiangazi kile kile, lakini wao huingia kwenye mapango ya kingo za mto, wanalaliana, wanasubiri mvua kwa wiki nyingi bila kula. Mle ndani hakuna chakula cha kulinda. Tuliwachungulia kutoka ng'ambo, mmoja ameweka kidevu juu ya mgongo wa mwenzake, na hakuna aliyejitikisa.

Sasa nirudi juu ya mto, kwenye mpunga. Mwaka 2010 Manase Elisa na wenzake waliandika kuhusu upungufu wa maji katika maeneo ya hifadhi nchini, wakaliweka bonde la Katuma mbele kabisa. Walionyesha jambo ambalo wazee wa huku walikuwa wakilisema: mabanio na mifereji ya mashamba yaliyo juu ya hifadhi yanachukua maji ya kiangazi, na mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima sasa unakauka. Mimi nala mchele wa mashamba hayo ya Mwamkulu na Kakese na kuusifia. Siwezi kuwaona wakulima wale kama adui wa viboko. Wamesomesha watoto wao kwa mpunga, baadhi wamepita mikononi mwangu darasani.

Lakini nimeona kinachotokea kwenye banio Septemba. Katika kijiji kimoja cha mtoni, baba wa mwanafunzi wangu alikuja shuleni kuomba ruhusa ya mtoto, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa amekesha mtaroni kulinda zamu yake ya maji, na jirani wa miaka mingi, waliyezikana naye na kuozana, alimpiga kwa mpini wa jembe. Wafugaji nao walikuwa wamefika na ng'ombe wao kwa sababu malambo yalikuwa yamekauka, kwa hiyo mahali pale padogo palikuwa na mpunga, mifugo na ndoo za kina mama. Wiki ile nilisikia maneno mengi juu ya tabia za makabila: hawa wakorofi, wale wabinafsi, wale wageni wasio na adabu. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya aina ile uani kwetu, yakisemwa juu ya kindi.

Watu si kindi, wana akili ya kupanga, na sheria wanayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na inataka mahitaji ya msingi ya binadamu yatangulie, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo matumizi mengine yafuate. Maana yake mto wenyewe, pamoja na viboko wake, una haki ya maji kabla ya jaruba la mtu yeyote. Haki hiyo haitimizwi kwa kumkamata mkulima aliyefungua mfereji usiku wa manane. Hutimizwa kwa malambo mengi yaliyotawanyika ili ng'ombe wasielekee mahali pamoja, kwa mabanio yenye milango inayoacha sehemu ya maji iendelee na safari, kwa kupanda mpunga mapema ili mavuno yatangulie ukame. Kila moja ya kazi hizo inalipunguza rundo.

Na muda wake ni muhimu kuliko tunavyoupa uzito. Vikao vingi vya maji nilivyowahi kuhudhuria kama mwalimu wa kijiji viliitishwa wakati watu wameshaumizana, mto ni mchanga mtupu na kila mtu amekuja na hasira yake. Naomba viitishwe Juni. Juni wakulima wametoka kuvuna na ghala zina kitu, ng'ombe bado wana majani, Katuma bado inapita chini ya daraja la Sitalike, na yule baba na jirani yake bado wanasalimiana.